Masomo ya Jioni: Tupimwe Kwanza

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu niseme juu ya masomo ya jioni wanayopewa wale wanaoshindwa. Nadhani nina haki ya kusema, maana nami nimekuwa mmoja wao.

Nilipokuwa Kidato cha Pili, baada ya mtihani wa nusu mwaka, orodha ilibandikwa ubaoni yenye majina ya wote tuliopata chini ya alama 30 katika Hisabati. Tulikuwa 46. Tukaamriwa kukutana kila jioni katika chumba kimoja, na mwalimu, aliyekwisha choka kwa vipindi vya mchana kutwa, akaanza kutufundisha aljebra upya. Alifanya bidii, wala simlaumu hata kidogo. Lakini katika benchi letu tulikaa watatu, na sote tulikuwa na alama 18. Mimi hesabu zenyewe nilizijua. Kilichonishinda ni Kiingereza cha maswali. Ukiniambia kwa Kiswahili nitoe 14 katika 50, nilitoa mara moja. Nikilikuta jambo lile lile limefichwa ndani ya sentensi mbili za Kiingereza, nililitazama mpaka kengele ikalia. Mwenzangu wa pili, kijana wa Mishamo, alinipita mbali kwa Kiingereza, lakini hakujua kuzidisha kwa saba wala kwa nane, na kwa hiyo kila hesabu ya kugawanya ilimtupa. Wa tatu alikuwa haoni ubao. Naam, haoni, alinakili katika daftari langu, pamoja na makosa yangu yote.

Alama moja, magonjwa matatu, na dawa tuliyopewa haikuwa ya yeyote kati yetu. Hata zahanati za vijijini siku hizi hukutoboa kidole wapime damu kwanza ndipo wakupe dawa ya malaria.

Mimi niliokoka kwa bahati. Usiku mmoja mwalimu wa zamu alinikuta nikisoma swali kwa sauti, akatambua mara moja. Akaniandikia maneno 60 ya Kiingereza cha Hisabati, niyashike kumi kila siku, na mwisho wa mwaka nilipata 41. Yule asiyeona alinunuliwa miwani wakati wa likizo. Kijana wa Mishamo alishindwa upimaji wa Kidato cha Pili, akaambiwa arudie, lakini hakurudi. Nasikia yuko machimbo ya dhahabu. Mtu aliyenishinda kusoma sasa anaosha mchanga kwa sababu ya kuzidisha kwa saba, jambo ambalo lingalimchukua majuma matatu kulishika.

Wala neno hili si geni. Mwaka 2010 watu wa Uwezo walipoanza kupita nyumba kwa nyumba katika nchi yetu, waliwakuta watoto wa madarasa ya juu ya shule ya msingi ambao hadithi ya darasa la pili, tena ya Kiswahili, iliwashinda. Nilipoingia darasa la kwanza mwaka 2015 ndipo mtaala mpya wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu ulipoanza. Ulitusaidia sana tuliokuwa chini, lakini waliotutangulia waliendelea na mapengo yao. Huko India, chama kiitwacho Pratham huwapanga watoto kwa muda fulani wa siku kufuata kile wanachokijua, si kufuata umri wala darasa.

Lakini lililonivutia zaidi ni la Marekani. Katika miaka ya 1960 Bwana Siegfried Engelmann alitengeneza masomo ambayo ndani yake mwalimu hueleza hatua moja ndogo, akaionyesha, na wanafunzi wakajibu pamoja kwa ishara yake; anayekosea husahihishwa papo hapo, na hatua ya pili haianzi mpaka ya kwanza imeshikwa. Kabla ya yote hayo mtoto hupewa jaribio fupi ili ijulikane aanze somo gani. Serikali ya huko ililinganisha njia nyingi za kufundisha watoto wa maskini tangu mwaka 1968, na matokeo yalipotolewa mwaka 1977 njia hiyo ilitokea mbele katika kusoma na hesabu. Wataalamu walibishana sana juu ya matokeo hayo, na wako wasemao kwamba njia hiyo humfanya mwalimu kuwa kasuku. Labda ni kweli. Mimi ningalipenda kasuku aniulize kwanza nisilolijua.

Reli yetu huachana na ile ya Kigoma pale Kaliua. Abiria wa Mpanda aliyeingia treni ya Kigoma hasaidiwi kwa kuambiwa akae vizuri zaidi.

Wenzangu kadhaa wamenipinga bwenini. Wanasema kupanga watu makundi ni kuwaaibisha. Je, orodha ile ya ubaoni haikutuaibisha? Tena nataka tupangwe kwa kila somo mbali mbali, maana aliye chini katika Hisabati huenda akawa juu katika Kiingereza. Wengine wanaogopa kwamba ukishawekwa chini utabaki chini, na hofu hii ni ya haki. Ndiyo maana sharti tupimwe tena kila majuma matatu. Juu ya mihtasari ambayo lazima imalizwe, sina jibu zuri, ila kwamba kwetu watatu ilimalizwa nasi hatukuwamo.

Muhula uliopita nilijaribu mwenyewe. Niliwachukua wadogo wanne wa Kidato cha Kwanza, nikawafundisha kuzidisha katika bwalo baada ya chakula cha usiku, kwa majuma matano. Watatu walishika. Wa nne hakusogea, nami nikaanza kumkasirikia, mpaka nilipompa hesabu za kutoa nikaona hajui kukopa. Nilimweka mahali pasipo pake, kama nilivyowekwa mimi. Tulirudi nyuma, na kwa siku sita akawa tayari kuanza.

Naomba basi wakuu wetu wakubali kwamba mwezi wa Januari, katika majuma yale ambayo Kidato cha Kwanza hufundishwa Kiingereza cha kuanzia, wapewe pia jaribio la maswali 20, na kila mmoja asomeshwe jibu lake na Kidato cha Tatu au cha Nne, ili waalimu wasiongezewe mzigo. Kwa watoto 120 zitatumika karatasi 240 tu, nusu ya bunda. Sisi tunamaliza mtihani wetu mwezi wa Novemba, nami sitakuwapo. Maswali yenyewe nimeyaandika katika daftari la buluu, matano ya kutoa, matano ya kuzidisha, matano ya kugawanya na matano ya maneno ya Kiingereza, na nimemwachia kiranja wa taaluma. Swali la kwanza ni kusoma mstari ulioandikwa ubaoni, mtoto akiwa amekaa benchi la nyuma.