Kodi Inayoanza na Shilingi ya Kwanza

Tangu Julai 1, 2024, Sheria ya Fedha inamtaka mkazi wa Tanzania anayemlipa mwandaaji wa maudhui ya mtandaoni azuie asilimia 5 ya malipo hayo na kuiwasilisha kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Kodi hiyo imewekwa mahali pasipostahili. Inamvizia kijana siku anapopokea ujira wake wa kwanza, huku fedha kubwa ya matangazo ikipita pembeni.

Fedha ya matangazo ya mtandao huwafikia vijana wa Mbeya na Iringa kwa njia mbili. Ya kwanza ni majukwaa ya nje. YouTube humtaka mwenye video ndefu awe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 ndipo imgawie mapato ya matangazo, asilimia 55. Google AdSense hailipi mpaka salio lifike dola 100. Kabla ya hapo, salio likifika dola 10, hutuma kwa posta kadi yenye namba ya kuthibitisha anwani. Kijana wa Kihesa, Iringa, asiye na sanduku la barua huazima la shule, la parokia au la mjomba wake, kisha huenda dirishani wiki baada ya wiki kuuliza kama bahasha imefika. Juu ya hayo, tangu mwaka 2021 YouTube hukata kodi ya Marekani kwenye mapato yatokanayo na watazamaji walioko huko, na kwa kuwa Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, makato ni asilimia 30 ya sehemu hiyo.

Njia ya pili ni fupi zaidi. Mwenye duka la makoti Mwanjelwa, jijini Mbeya, Juni baridi inapokaza, humwita kijana mwenye simu inayopiga picha vizuri. Kijana hutundika koti mlangoni kwa sababu ndani mwanga hautoshi, hurekodi mara nne maana kila anapoanza bajaji inapiga honi, huhariri usiku bando linapokuwa nafuu, na asubuhi tangazo la sekunde 40 liko hewani. Tuseme analipwa shilingi 60,000. Huku ndiko wanakoanzia wengi, wakiwemo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya na wa Chuo Kikuu cha Iringa. Fedha hiyo hununua bando, hulipia jina la tovuti, na ikikusanywa hupata kompyuta ya mtumba ya kujifunzia kuandika programu. Kazi zenyewe ni ushahidi mkubwa wa ujuzi mbele ya mwajiri kuliko cheti.

Kodi ya zuio imewekwa kwenye njia hii ya pili. Kampuni ya nje inayotuma dola si mkazi, kwa hiyo sharti la kuzuia haliihusu. Linamhusu mwenye duka.

Wanaoitetea kodi hii wana hoja zao. Watoa huduma wengine wamekuwa wakikatwa asilimia 5 miaka mingi, na wapo wasanii na watu mashuhuri wanaovuna mamilioni kwa tangazo moja. Nchi inahitaji mapato. Hayo ni kweli, na hakuna anayedai kwamba aliyepata mamilioni asilipe.

Tatizo ni kwamba kodi hii haina sakafu. Mfanyabiashara mdogo aliye kwenye kodi ya makadirio, ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 4, halipi kodi ya mapato. Mwajiriwa mwenye mshahara usiozidi shilingi 270,000 kwa mwezi hakatwi kodi ya mshahara. Misamaha yote miwili imekubali jambo moja, kwamba yuko mtu ambaye kipato chake bado ni cha kujikimu na serikali haina haki ya kukigusa. Mwandaaji wa maudhui hakufikiriwa hivyo. Akifanya matangazo ishirini kwa mwaka kwa shilingi 60,000 kila moja, amepata milioni 1.2, chini kabisa ya mstari wa muuza makoti aliyemlipa. Bado hukatwa shilingi 60,000. Katika kazi zake ishirini, moja ameifanya bure.

Tena hukatwa kwenye malipo ghafi. Bando, nauli na umeme vikila nusu ya malipo, asilimia 5 inakuwa asilimia 10 ya kile kilichobaki mkononi. Hata kama hesabu za mwisho wa mwaka zingemrudishia kitu, nani atafungua jalada la madai kwa ajili ya shilingi 3,000 za tangazo moja? Kumwambia kijana wa miaka 20 afuatilie fedha hiyo ofisi kwa ofisi ni kumwambia aisahau.

Kuna jambo jingine linalochosha zaidi. Mwenye duka akiamua kuachana na kijana, anafungua simu, anachomeka namba ya kadi na kuilipa kampuni ya nje isukume tangazo lake Facebook au Instagram. Kwenye karatasi, malipo ya huduma kwa asiye mkazi nayo yana kodi ya zuio, ya asilimia 15. Kwa vitendo, atazuiaje? Mfumo wa kampuni unachukua fedha yote kwa mkupuo, na hakuna kitufe cha kubakiza sehemu ya TRA. Anayeweza kuzuiwa ni yule aliyesimama dukani na simu yake. Akimkata, mwenye duka ana siku saba baada ya mwezi kwisha kuwasilisha makato. Asipotaka usumbufu huo, humlipa kimyakimya bila risiti, au hamwiti tena.

Kosa hili si geni. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilidai shilingi 100,000 za maombi, milioni 1 ya leseni na milioni 1 nyingine kila mwaka, kabla mtu hajapata hata senti ya tangazo. Ada hizo baadaye zilipunguzwa, baada ya wengi kufunga blogu zao.

Marekebisho yanayotakiwa ni kifungu kimoja katika Muswada wa Fedha: makato yaanze pale mapato ya mwandaaji yanapovuka shilingi milioni 4 kwa mwaka, kiwango kilekile anachopewa mwenye duka la makoti.