Ukibonyeza 'Futa' kwenye simu, nani hasa anafuta?

Wapo wanaokopa kwa simu, wakimaliza deni wanaondoa programu ya mkopo na kuamini yameisha. Hayajaisha. Kuondoa programu kunasafisha simu yako tu. Jina, namba ya kitambulisho na taarifa nyingine ulizojaza zinaweza kubaki kwenye kompyuta za kampuni, yaani seva.

Ili zifutwe, lazima ombi lifike huko. Linafikaje?

Simu na seva huzungumza kwa lugha iitwayo HTTP, yenye amri kadhaa. GET maana yake "nipe nisome", POST ni "pokea hiki", na DELETE ni "futa". Lakini fomu ya kawaida ya tovuti, ile ya kujaza na kubonyeza kitufe, hutuma GET na POST tu. Kwa hiyo ukibonyeza "Futa", mara nyingi inayosafiri ni POST yenye ujumbe ndani yake: "futa hiki". Tovuti nyingine huweka programu ndogo ndani ya ukurasa ili itume DELETE yenyewe.

Kwa nini wasitumie GET, iliyo rahisi zaidi? Mwaka 2005 Google ilitoa Web Accelerator, programu iliyofungua viungo mapema ili kurasa zije haraka. Baadhi ya tovuti zilikuwa zimeweka "futa" kama kiungo cha GET. Programu ikavifungua, na kazi za watu zikafutika bila wao kubonyeza chochote.

Hata hivyo, iwe POST au DELETE, hilo ni ombi tu. Mwenye seva anaweza kufuta kabisa, au kuficha tu usione.

Ndiyo maana sheria ina kazi. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019 inampa mtu haki ya kuomba taarifa zisizostahili kuendelea kutunzwa zifutwe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Tume yake hupokea malalamiko.

Basi, kabla ya kuondoa programu, ingia kwenye mipangilio na utafute "futa akaunti". Google inazitaka programu za Play Store zenye kufungua akaunti ziweke njia hiyo, ndani ya programu na kwenye tovuti. Ukijibiwa, tunza jibu hilo. Ukinyamaziwa, una pa kulalamika.