Rivolva ya babu si "mali ya kale", tusidanganyane

Wadau, nimekuwa kimya kidogo. Leo nimeshindwa kunyamaza.

Juzi jamaa yangu mmoja wa hapa hapa Shangani kanipigia simu usiku, ananong'ona kama mwizi. Walikuwa wanagawana vitu vya marehemu babu yao, na chini kabisa ya sanduku wamekuta rivolva imefungwa turubai. Imeshika kutu, silinda haizunguki. Ukoo unasema iliokotwa porini baada ya vita vya Mjerumani. "Kaka, hii si mali ya kale tu? Naitundika sebuleni."

Nikamwambia thubutu!

Na si yeye peke yake. Wasomi wazima, wenye digrii zao, wanaamini silaha ikizeeka inageuka pambo. Nani kawaambia? Sheria yetu ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka mwenye silaha awe na leseni. Kutu si leseni. Mvi za babu pia si leseni.

Haya, tuiendee hiyo "kale" yenyewe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 imechora mstari: vitu vya kale ni vile vilivyotengenezwa hapa hapa nchini kabla ya mwaka 1863. Milango ya kuchonga, kama ile ya Mikindani, imepewa nafuu: inatosha iwe ya kabla ya 1940. Kwa hiyo mlango uliochongwa mwaka 1930 unalindwa. Rivolva ya Kijerumani ya miaka ya 1880 hailindwi, kwa kuwa haikufikia mwaka na tena ilizaliwa Ulaya. Umeona? Kwa polisi ni silaha, kwa Mambo ya Kale si kitu.

Wenzetu wanafanyaje? Marekani, kwa sheria yao ya 1968, bunduki ya kale ni iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla. Uingereza wanaangalia pia kama risasi zake ni za aina iliyokwishaachwa. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 kuhusu silaha inaiachia kila nchi itoe maana yake, ila imeweka ukomo: iliyotengenezwa baada ya 1899 isiitwe ya kale kamwe.

Hapo ndipo mambo yanapokuwa matamu kwetu watu wa Kusini. Mwaka 1916 Wareno walivuka Ruvuma wakafika hadi Newala, wakafurushwa. Oktoba 1917 watu waliuana Mahiwa, kule Lindi. Mwezi uliofuata von Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Sasa chukua bastola mbili za vita hivyo hivyo. Ya Mjerumani, ile "Reichsrevolver" ya 1879 au 1883, kwa ukomo wa 1899 inaweza kupita. Webley Mark VI ya Mwingereza, iliyoanza kutumika 1915, haipiti hata uombe dua. Vita moja, tope moja, majibu mawili.

Na msidanganywe na jina. Mwaka wa modeli si mwaka wa kutengenezwa. Nagant ya Warusi inaitwa ya 1895, lakini iliendelea kutengenezwa mpaka wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kinachosema ukweli ni mihuri ya kiwandani, namba na ukubwa wa risasi. Hayo husomwa na mtaalamu. Mjomba aliyewahi kuwa mgambo hatoshi.

Sasa naigeukia serikali. Wizara ya Mambo ya Ndani imekuwa ikitangaza msamaha wa kusalimisha silaha kwa hiari, kama mwaka 2022 na 2023. Safi kabisa. Lakini silaha zikishakusanywa, mwisho wake ni kuteketezwa. Nani anazikagua kabla ya moto? Gobore la jangili na rivolva iliyopita Mahiwa ziingie tanuri moja? Sheria hiyo hiyo ya 1964 inampa Waziri mamlaka ya kutangaza kitu fulani kuwa cha kulindwa. Atumie. Aweke mwaka unaoeleweka kwa silaha za vita ile, na mtu wa Makumbusho ya Taifa akae meza moja na polisi siku ya kupokea. Zikishakaguliwa ziharibiwe mtambo zisiweze kufyatua, ziwekwe kwenye kabati la kioo pamoja na jina la kijiji zilikotoka.

Bila hivyo kila familia itafanya inachojua: itazika shambani, itatupa baharini usiku, au itamuuzia mtu asiyeuliza maswali. Na huyo wa mwisho ndiye atakayeisafisha kutu.

Jamaa yangu nimemshauri hivi. Usiiguse, huenda ina risasi. Usipande nayo daladala kwenda kituoni. Mwite mwenyekiti wa mtaa, polisi waje wenyewe, mpewe maandishi. Kisha mkalishe bibi, uandike kila anachokumbuka kuhusu chuma kile: nani aliokota, wapi, mwaka gani.

Kasema atafanya. Bibi, naambiwa, ndiye aliyecheka: "Miaka yote nimelala juu ya sanduku lile, hakuna aliyeniuliza."

Tumuulize basi, wakati bado yupo. Nawasilisha.