Umaskini, Uraibu na Tumaini la Familia za Pemba

Tarehe 16 Novemba 2025, katika Mwaka wa Jubilei, Mama Kanisa aliadhimisha Siku ya Tisa ya Maskini Duniani. Kaulimbiu yake ilitoka katika Zaburi ya 71, sala ya mtu mzee anayemkiri Mungu kuwa tumaini lake. Katika ujumbe wake, Baba Mtakatifu Leo XIV alisema kwamba maskini wanaweza kuwa mashahidi wa tumaini imara. Je, ushuhuda huo unawezekanaje katika nyumba ya Chake Chake, Wete au Mkoani ambamo umaskini na uraibu vimeingia kwa pamoja?

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu wapatao 543,000 kisiwani Pemba. Kwa wengi wao, fedha huja kwa msimu. Mikarafuu huzaa sana mwaka mmoja na kupunguza mwaka mwingine; uvuvi nao hutegemea pepo. Familia ya mjini isiyo na shamba hungoja kibarua. Hata hivyo, familia hiyo hupanga: msimu huu tutanunua mabati, ujao sare za watoto. Kupanga huko ni sura ya kwanza ya tumaini.

Uraibu hushambulia hapo hapo. Heroini, ambayo mitaani huitwa unga, hufika pwani yetu kwa njia ya bahari kutoka Asia. Aliyeizoea akiikosa hupatwa na arosto, maumivu makali ya mwili na akili, hata macho yake yasione zaidi ya jioni ya leo. Mabati huuzwa, kisha sufuria. Mama huficha kilichosalia, halafu hujificha mwenyewe kwa aibu. Hapo familia haikosi fedha tu, inakosa kesho.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki (2291) inafundisha kwamba matumizi ya dawa za kulevya ni kosa zito, na inalaani biashara yake. Katekisimu hiyo hiyo (1735) inakiri kwamba mazoea yaweza kupunguza wajibu wa mtenda. Anayeshika fundisho la kwanza peke yake huhukumu. Anayeshika la pili peke yake hudanganya.

Tiba ipo. Tanzania ilianza kutoa methadoni Muhimbili mwaka 2011, na Zanzibar ikafuata. Zipo pia nyumba za upataji nafuu, maarufu kama soba hausi, ambamo waliopona huwaongoza wanaoanza. Lakini methadoni hunywewa kila siku mbele ya mhudumu wa afya. Kwa maskini, basi, nauli na mtu wa kumsindikiza ni sehemu ya tiba.

Hapo ndipo Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zina nafasi. Sisi Wakatoliki wa Pemba ni wachache miongoni mwa majirani Waislamu, na unga hauulizi dini. Tunaweza kuchangia nauli ya kijana wa jirani. Tunaweza kumtembelea mama aliyejifungia, bila kumhoji. Tunaweza kuacha kumwita mtoto wake “teja”, tukamwita kwa jina alilopewa na wazazi wake, kwa kuwa Mungu humwita kila mtu kwa jina.

Mtume Paulo anafundisha kwamba tumaini halimwaibishi anayelitegemea (Rum 5:5). Familia iliyozongwa na aibu italisadiki neno hilo itakapoona jirani anabisha hodi, na kesho yake anarudi tena.