Nafuu Si Kupona

Jioni yoyote kwenye viwanja vya Temeke, kuanzia Mwembe Yanga mpaka vile vya vumbi vya Mbagala, hukumu ya mguu unaouma hutolewa upesi. Kijana ameinama ameshika nyuma ya kisigino, wenzake wamemzunguka, na kauli ni ile ile: "Mshipa huo umekaza, nenda kachuliwe." Usiku atakandwa kwa maji ya moto yenye chumvi. Kesho yake atapakwa dawa ya kuchua hadi ngozi iwake. Maumivu yakikaidi, atapita zahanati ya mtaani apigwe sindano ya diklofenaki. Siku ya nne hachechemei tena, na Jumapili yumo kwenye kikosi cha kwanza. Mtaa mzima unasema amepona.

Nasema hajapona. Imani kwamba maumivu yakiondoka jeraha nalo limeondoka ndiyo inayowatoa uwanjani vijana wa Temeke na Kinondoni wakiwa bado na miaka mingi ya kucheza. Ndiyo pia inayowaacha mafundi na mama zetu na mabega na viwiko vinavyouma mwaka hadi mwaka. Tumeirithi kwa nia njema, tunaipokezana kwa nia njema, na inaumiza watu.

Kinachouma pale nyuma ya kisigino, mara nyingi, ni kano: ule uzi mnene unaounganisha kigimbi na mfupa wa kisigino. Kano haikuhama, haikupanda wala haikujikunja, kwa hiyo hakuna kitu ambacho mchuaji anaweza kukirudisha mahali pake. Kilichotokea ni kwamba nyuzi zake za kolajeni, ambazo kwa kawaida hujipanga sambamba, zimechoka na kuvurugika kwa sababu zilibebeshwa kazi kubwa kuliko zilivyozoea. Mtu akikimbia, kano hiyo hubeba mzigo unaoweza kufika mara sita ya uzito wa mwili wake au zaidi, hatua baada ya hatua. Sentimita chache juu ya kisigino, mahali inapokatika mara nyingi, damu inayoifikia ni kidogo. Kwa sababu hiyo kano hutengenezeka polepole mno ikilinganishwa na msuli.

Ni polepole kiasi gani? Mwaka 2013 watafiti wa Denmark walipima kaboni iliyosambaa angani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960, wakaitafuta ndani ya kano za kisigino za watu wa rika mbalimbali. Waligundua kwamba kiini cha kano hujengeka katika miaka 17 ya mwanzo ya maisha, na baada ya hapo karibu hakifanywi upya. Sasa fikiria madai kwamba kiungo cha namna hiyo kimekarabatiwa kwa siku tatu za maji ya chumvi.

Sisemi kuchua hakuna faida. Mkono wa mtu na joto la maji hulegeza msuli na kutuliza maumivu kwa muda, na mgonjwa anastahili kutulizwa. Lakini utulivu huo haugusi udhaifu wa kano. Kibaya zaidi ni kuchua kwa nguvu, kwa kidole gumba kinachochimba mahali palepale penye kidonda cha ndani, huku mgonjwa akishikwa asiruke. Huko ni kuitonesha kano iliyokwisha kuchoka, kisha kuuita uchungu huo dalili ya dawa kufanya kazi.

Kuhusu dawa za hospitali, vidonge na sindano za diklofenaki huficha kilio cha kano, na mchezaji anarudi kuipiga ikiwa bubu. Sindano ya steroidi inayochomwa palepale panapouma ina hadaa kubwa zaidi, kwa sababu nafuu yake huja haraka na ni ya kweli. Mwaka 2013 watafiti wa Brisbane, Australia, walifuatilia watu 165 wenye maumivu ya kano za kiwiko. Baada ya mwaka mmoja, kati ya kila 100 waliochomwa steroidi, 54 walikuwa wamerudiwa na maumivu. Kwa waliochomwa sindano isiyo na dawa, waliorudiwa walikuwa 12 katika 100. Walioanza kwa kushangilia ndio waliomaliza vibaya.

Ipo na dawa nyingine ambayo mitaani kwetu haihusishwi kabisa na miguu: Sipro. Watu huinunua duka la dawa bila cheti, leo kwa UTI, kesho kwa taifodi ambayo hata haijapimwa. Dawa za jamii hiyo ya siprofloksasini zinaweza kuidhoofisha kano hata ikakatika, hasa kwa aliyevuka miaka 60 au anayetumia steroidi. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru tahadhari yake kali kabisa ibandikwe kwenye dawa hizo mwaka 2008. Anayemeza Sipro kisha akasikia kano inauma aache mazoezi na amwone daktari siku hiyo hiyo.

Wapo wasioamini kuchua wala sindano, wao huamini kitanda: "Pumzika mwezi mzima, itapona yenyewe." Nao wanakosea, kwa upande wa pili. Kupumzika siku chache wakati maumivu ni makali ni busara. Lakini kano inayolazwa wiki nyingi hunyong'onyea pamoja na kigimbi chake. Mtu huamka hana maumivu kwa sababu hajaitumia, akirudi uwanjani anaibebesha mzigo wa zamani ikiwa dhaifu kuliko siku aliyoumia. Ndiyo maana jeraha lile lile linarudi kila msimu, na familia inaanza kuuliza nani amemroga.

Kano hupona kwa kazi iliyopimwa. Ushahidi ulioibadili tiba hii ulitoka Umeå, kaskazini mwa Sweden, mwaka 1998. Daktari Håkan Alfredson aliwachukua wakimbiaji wa kawaida 15 waliosumbuliwa na kano ya kisigino kwa muda mrefu, akawapa zoezi moja la kushusha kisigino polepole, kwa wiki 12. Wote 15 walirudi kukimbia. Inasimuliwa kwamba yeye mwenyewe aliumwa kano hiyo, akaomba apasuliwe, mkuu wake akakataa, naye akaanza mazoezi mazito akitaka ikatike ili apasuliwe kwa lazima. Haikukatika. Ilipona.

Zoezi lenyewe halihitaji jimu wala nauli. Simama kwenye ngazi ya mlango, vidole vikiwa juu ya ngazi na visigino vikining'inia, ukishika ukuta. Panda kwa miguu yote miwili, kisha hamishia uzito kwenye mguu unaouma na ushuke taratibu. Rudia mara 15, mizunguko mitatu, goti likiwa limenyooka, kisha mizunguko mitatu goti likiwa limekunjwa kidogo. Fanya asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Ikiwa rahisi, beba begi lenye mchanga mgongoni na uongeze mchanga kidogo kidogo. Maumivu madogo wakati wa zoezi yanavumilika, ila yakiwa yamezidi kesho yake asubuhi, punguza mzigo. Kama panapouma ni penye mfupa wa kisigino wenyewe, fanyia sakafuni bila kushusha kisigino chini ya ngazi. Kano ya chini ya pia ya goti, ya bega na ya kiwiko zina mazoezi yake, na kanuni ni hiyo hiyo: mzigo kidogo, polepole, unaoongezeka.

Najua jibu litakalonijia: mbona mastaa hucheza na maumivu? Mtazameni Haile Gebrselassie wa Ethiopia. Sydney mwaka 2000 alikimbia mita 10,000 kano ya kisigino ikimsumbua, akampita Paul Tergat wa Kenya mstarini kwa sekunde 0.09. Ulimwengu unaikumbuka medali ile, unasahau upasuaji uliofuata. Athens mwaka 2004 kano ilimsumbua tena, akamaliza wa tano. Yeye alikuwa na madaktari bingwa na Olimpiki mkononi. Kijana wa Tandale anayecheza ndondo bila bima, na anayetegemea mguu huo huo kukanyaga breki ya bodaboda Jumatatu, anacheza kamari kubwa kuliko ya Haile.

Wengine watasema babu zetu walichuliwa wakapona. Walipona misuli iliyovutika, ambayo hupona hata ukiiacha. Kano zilizobaki mbovu hazikuhesabiwa, kwa sababu wenyewe waliacha kucheza na kuambiwa wamezeeka.

Lipo jambo moja lisilosubiri ngazi wala wiki 12. Mtu akisikia mlio nyuma ya mguu, akageuka akidhani amepigwa teke na hakuna aliyempiga, kisha akashindwa kusimama kwa ncha za vidole, kano yake huenda imekatika. Mlaze kifudifudi, miguu ining'inie nje ya kitanda, mbinye kigimbi. Wayo usipocheza, asichuliwe hata kidogo. Apelekwe hospitali ya Temeke, ya Mwananyamala au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, siku hiyo hiyo. Ikifungwa mapema, wayo ukielekezwa chini, au ikishonwa, nafasi ya kurudi kwenye shughuli zake ni nzuri. Wiki sita za kukandwa zinageuza tiba nyepesi kuwa upasuaji mgumu. Janga hili huwapata hasa wanaume wa miaka 30 hadi 50 wanaokaa kitini wiki nzima na kucheza bonanza Jumapili kama wana miaka 20.

Kinga inaanzia hapo. Vikundi vya jogging vinavyojaza barabara za Dar es Salaam alfajiri za wikendi vimefanya kazi kubwa ya afya, lakini mgeni asilazimishwe kumaliza kilomita 10 siku yake ya kwanza kwa aibu ya kubaki nyuma. Aongezewe umbali wiki kwa wiki, na kundi zima lifanye mazoezi ya kupanda na kushusha visigino mara mbili kwa wiki. Mwanamke anayeponda kokoto Kunduchi akiumwa kiwiko abadilishe mkono na apunguze uzito wa nyundo kabla ya kutafuta sindano.

Kwa viongozi wa manispaa nina dai moja. Hospitali ya KCMC kule Moshi inafundisha wataalamu wa fiziotherapia. Waajirini wakae vituo vya afya vya Mbagala, Tandale na Bunju, karibu na watu wanaoumia, badala ya kuwasubiri hospitali kubwa wakati kano imekwisha kuharibika.

Na kwako kocha wa mtaani, ambaye neno lako lina nguvu kuliko la daktari: mchezaji wako akikuambia haumwi tena, usimpe jezi. Mwambie asimame kwa mguu mmoja, ule ulioumia, apande na kushuka kwa ncha za vidole mara 20. Akishindwa, bado ni mgonjwa.