Hisa Si Bahati Nasibu, Ni Fungu la Chombo

Kila mara serikali inapotangaza kuwauzia wananchi hisa za shirika fulani, wimbi la shauku huipiga nchi nzima, na halikosi kufika hata huku kwetu Amu, Pate, Faza na Kizingitini. Watu ambao hawajapata kuikanyaga ofisi ya dalali wa hisa huulizana barazani, “Je, tununue?” Baada ya miezi michache swali hugeuka likawa, “Je, tuuze?” Lakini swali ambalo lilistahili kutangulia yote mawili huwa halikuulizwa kabisa, nalo ni hili: tunanunua nini?

Nimeonelea nilizungumze jambo hili kwa sababu watu wa visiwa hivi si wageni tena wa fedha nyingi zinazokuja kwa mkupuo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa ajili ya bahari yao iliyoharibiwa na ujenzi wa bandari mpya ya Lamu. Miaka ikapita katika rufani na majadiliano. Ukizigawanya fedha hizo sawasawa, fungu la kila mvuvi lingekaribia shilingi 380,000. Kwa tajiri wa Nairobi hizo si fedha za kumkosesha usingizi. Kwa mvuvi, hiyo ndiyo bei ya mkondo aliovua baba yake na babu yake, na haitalipwa mara ya pili. Mahali penye fedha za namna hiyo, washauri hawakosekani. Mmoja atasema nunua kiwanja, wa pili atasema nunua pikipiki, na wa tatu, aliyevaa tai, atasema nunua hisa.

Mimi si adui wa hisa. Isitoshe, nathubutu kusema kwamba watu wa Lamu waliijua hisa kabla ya Soko la Hisa la Nairobi kuanzishwa mwaka 1954. Neno lenyewe tumelitoa katika Kiarabu, na maana yake ni fungu. Chombo kirudipo kutoka baharini, samaki huuzwa, masarufu ya safari huondolewa, kisha kinachobaki hugawanywa: fungu la chombo, fungu la nahodha, mafungu ya mabaharia. Mtu akitaka kushirikiana na wenzake kununua jahazi, haulizi kwanza jirani yake atalinunua kwa kiasi gani wiki ijayo. Huuliza mbao ni za mti gani, chombo kina umri gani, nahodha ni nani, kina deni kwa nani, na mwaka jana kiligawa nini. Huenda mwenyewe Matondoni akakigonga ubavu kwa kidole. Kwa nini basi mtu yuyo huyo, akiambiwa anunue fungu la kampuni kubwa, huyasahau maswali yote hayo?

Tuangalie yaliyotokea mwaka 2008. Serikali iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom, yaani robo ya kampuni, kwa shilingi 5 kila moja, na mwombaji hakuweza kuomba chini ya hisa 2,000. Foleni zilijaa nchi nzima. Wako waliokopa benki, na wako waliouza mifugo. Maombi yakawa mengi kupita kiasi, hata wengi wakapewa sehemu ndogo tu ya walizoomba na kurudishiwa salio baadaye, ilhali riba ya mkopo ilikuwa ikihesabiwa. Hisa zilipoanza kuuzwa sokoni mwezi Juni bei ilipita shilingi 7, lakini kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imeshuka chini ya zile 5 za mwanzo. Waliokopa wakauza kwa hasara, kwani benki haikuwa tayari kungoja.

Sasa tazama upande wa pili. Aliyenunua kwa fedha ambazo hakuzihitaji kwa chakula wala ada ya shule, akaketi nazo na kupokea gawio lake mwaka baada ya mwaka, aliona bei ikipita shilingi 40 mwaka 2021. Huyo naye hakuwa salama na misukosuko, maana mwishoni mwa mwaka 2023 bei ilikuwa chini ya 15. Lakini alikuwa na sababu ya kununua, nayo ilikuwa wazi kwa kila mwenye macho: tangu mwaka 2007 M-Pesa ilikuwa imeanza kupeleka fedha mahali ambapo benki haikupata kufika, visiwani mwetu humu tukiwa mashahidi. Kampuni ilikuwa ile ile na bei ya kununulia ilikuwa moja. Tofauti ilikuwa kwamba mmoja alinunua chombo, na mwingine alinunua kelele za bandarini.

Wala nisifahamike kuwa nasema aliyenunua asiuze kamwe. Kushikilia bila kuangalia ni uvivu uliovaa joho la subira. Hisa za Kenya Airways ziliuzwa kwa umma mwaka 1996 kwa shilingi 11.25. Miaka kumi baadaye zilikuwa zimepita shilingi 100, na wenye nazo walijiona wamepata. Kisha hesabu zikaanza kusema mambo mengine. Katika mwaka uliokwisha Machi 2015 shirika lilipata hasara ya shilingi bilioni 25.7, na mwaka uliofuata bilioni 26.2. Mwaka 2017 madeni ya mabenki yaligeuzwa kuwa hisa, na fungu la mwananchi wa kawaida likawa dogo kama punje. Biashara ya hisa hizo ilisimamishwa Julai 2020, ikaja kufunguliwa Januari 2025. Wengi walizishikilia kwa mapenzi ya bendera iliyochorwa ubavuni mwa ndege. Bendera ni kitu cha kuheshimiwa, lakini haizibi tundu la chombo.

Asidhani mtu kwamba haya ni maradhi ya Waafrika wasiozoea masoko. Upo mfano unaotuhusu sisi wa Lamu moja kwa moja, ingawa wachache miongoni mwetu waliufuatilia. Machi 2, 2012, marais na waziri mkuu wa nchi jirani walikuja hapa kuzindua mradi wa LAPSSET, wenye bandari, barabara, reli na bomba la mafuta. Machi 26 mwaka huo huo ikatangazwa kwamba mafuta yamepatikana Turkana katika kisima cha Ngamia-1. Mmoja wa washirika wa kisima hicho alikuwa Africa Oil, kampuni yenye makao yake Vancouver, ambayo hisa zake zilikuwa zikiuzwa nchini Canada. Bei ilipanda mara kadhaa katika miezi michache. Watu wa kawaida wa huko, wenye akiba zao za uzeeni, walijiuliza maswali yale yale ya barazani kwetu: tununue, tushikilie au tuuze? Fungu walilokuwa wakilipigia hesabu lilitegemea bomba ambalo lingeishia hapa kwetu.

Bomba hilo halikujengwa. Bei ya mafuta duniani, iliyokuwa zaidi ya dola 100 kwa pipa katikati ya mwaka 2014, ilianguka ikawa chini ya 30 mwanzoni mwa 2016. Shehena ya kwanza ya mafuta ya Turkana iliondoka nchini Agosti 2019, na ilikuwa imesafirishwa kwa malori hadi Mombasa. Mei 2023 kampuni ile ya Canada ilijiondoa katika mradi. Aliyenunua kwa furaha ya siku ile ya tangazo alijifunza kwamba kupata mafuta ardhini na kuyafikisha baharini ni safari mbili tofauti. Mtu yeyote wa Mokowe au Hindi, aliyeishi akiona ardhi ikipimwa, vigingi vikipigwa na miaka ikipita, angaliweza kumpa mwekezaji wa Vancouver ushauri wenye thamani kubwa kuliko taarifa ya dalali wake.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu kuu. Ujuzi wa mahali ni mtaji, nasi tumezoea kuudharau. Kampuni ya Centum, ambayo hisa zake huuzwa Nairobi, ilikuwa na fungu kubwa katika Amu Power, iliyokusudia kujenga mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Kwasasi. Katika vitabu mradi ulipendeza. Lakini wakazi walioukataa tangu mwanzo walijua kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na kwamba bahari na hewa yao zilikuwa hatarini. Juni 26, 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mradi huo, na uwekezaji ule ukageuka hasara katika vitabu vya Centum. Hatari iliyowashinda mabwana wa hesabu kuiona ilikuwa ikizungumzwa kila jioni katika vibaraza vya Amu.

Wako watakaoniambia kwamba mvuvi hana haja ya soko la hisa, na kwamba salama yake ni nyavu na mashua. Nakubali kwamba mashua ndiyo itangulie. Lakini kumwambia mtu wa pwani kuwa mambo ya mitaji si yake ni kumfungia mlango ambao wengine wanapita. Mwaka 2025 Soko la Nairobi liliondoa sharti la kununua hisa zisizopungua 100 kwa mara moja, hivyo hata mwenye fedha kidogo anaweza kuingia. Kinachomzuia sasa ni lugha na umbali. Waraka wa toleo, ambao ndio ushahidi wa mbao, nahodha na madeni, aghalabu huandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Inakuwaje basi mwananchi aombwe fedha zake kwa lugha moja na kunyimwa maelezo kwa lugha hiyo hiyo? Halmashauri ya Masoko ya Mitaji iamuru kila toleo liwe na muhtasari wa Kiswahili, wenye kutaja madeni na hatari kabla ya kutaja matumaini.

Kwa upande wetu, yapo ya kutekeleza bila kungoja serikali. Asinunue mtu hisa kwa mkopo, wala kwa fedha atakazozihitaji kabla ya miaka mitano. Asiweke zote katika chombo kimoja. Kwa kuwa wengi wetu ni Waislamu, aulize kampuni inachuma kwa njia gani, maana miongoni mwa kubwa za Nairobi kipo kiwanda cha bia na yako mabenki ya riba. Amchunguze dalali wake pia, asije akasahau kwamba Nyaga Stockbrokers ilianguka mwaka 2008 ikiwa na fedha za wateja, na kwamba mfuko wa fidia ya wawekezaji una kikomo cha shilingi 50,000 kwa mtu. Na siku ya kununua aandike katika daftari sababu ya kununua. Sababu hiyo ikiwa ingali hai, ashikilie, hata bei ikishuka. Ikifa, auze, hata kama bei ingali inapendeza. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari huisha bila habari.

Fidia ya bahari haina mrithi mwingine. Ikipotea katika foleni ya siku moja, watoto wetu hawatakuwa na mkondo wa kuvua wala karatasi ya kugawana. Basi yule mwenye tai atakapokuja, tumkaribishe kahawa, kisha tumuulize yale yale tunayomuuliza muuza jahazi. Akishindwa kujibu kwa lugha tunayoielewa, fedha na zibaki mfukoni.