Jamani, msitunyoe kwa kompyuta!

Wadau, leo siasa na bei ya mahindi naziweka pembeni kidogo. Nina dukuduku.

Tulipompoteza bibi yetu, picha yake nzuri ilikuwa moja tu. Amesimama juani nje ya nyumba, nyuma yake ukuta wa chokaa, kichwani mvi tele kama pamba. Tukaipeleka kwenye stesheneri moja hapa Songea wamtoe pale ukutani, wamweke kwenye bango la msiba na kwenye fulana. Saa moja baadaye kazi ikawa tayari. Bibi yuko mawinguni, lakini kichwa laini kama yai, na sikio la kushoto limebaki nusu. Mtoto wa kaka yangu akalitazama lile bango, akaniuliza, "Baba mdogo, bibi alinyoa lini?"

Bibi hakunyoa. Kanyolewa na kifutio cha kompyuta.

Naomba nieleweke, sina ugomvi na yule kijana. Foleni ilikuwa ndefu, umeme wenyewe mnaujua. Na sisi wateja tuna makosa yetu: tunapeleka picha iliyokwisha kupita kwenye simu tano, halafu tunasema "fanya chapchap". Lakini hoja yangu ni hii: anayekata picha ya mtu ndiye anayeamua mtu anaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Uamuzi huo haufanywi kwa kubahatisha.

Chukua picha yako mwenyewe, ikuze mpaka pikseli zionekane kama matofali. Tazama penye nywele. Utategemea kuona tofali jeusi, kisha tofali la rangi ya ukuta. Wapi! Katikati kuna matofali ambayo si nywele wala si ukuta, maana pikseli moja imebeba kidogo cha huku na kidogo cha kule. Ukikata hapo kwa makali ya wembe una njia mbili tu. Uyaache, mtu atoke na utepe mweupe kichwani, kama wale wachezaji wa kurasa za mbele za magazeti ya michezo, utadhani wamezungushiwa chaki. Au uyafute, mtu atoke kipara. Na sisi wenye nywele za kipilipili, afro na rasta ndio tunaoumia zaidi, kwa sababu ukingo wetu wote ni vijipindo vidogo vidogo.

Dawa ipo tangu zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1970, kule New York, Ed Catmull na Alvy Ray Smith walibuni njia ya kuipa kila pikseli namba ya nne, mbali na zile za nyekundu, kijani na bluu. Wakaiita alfa. Inasema pikseli inaziba kiasi gani kilichoko nyuma yake. Kwenye PNG, iliyotoka mwaka 1996, kwa kawaida namba hiyo huanzia 0, yaani kioo kitupu, hadi 255, yaani ukuta kamili. Unywele uliochukua nusu ya pikseli unapewa kama 128, basi. GIF haina nusu: ama upo, ama haupo. JPEG ya kawaida ndiyo haina uwazi kabisa. Ukihifadhi humo, palipokuwa wazi panajazwa rangi, mara nyingi nyeupe, na kingo zinaingia ukungu kwa sababu picha inabanwa katika miraba ya pikseli 8 kwa 8. Ukiigeuza tena kuwa PNG hujarudisha kitu. Umehamishia maji machafu kwenye chupa safi.

Kwa hiyo ndugu zangu mafundi, kuanzia stendi mpaka Lizaboni, nina maombi manne.

Moja, acheni kifutio. Tumieni maski, ambayo inaficha tu bila kufuta. Ukipitiliza, unarudisha sikio la watu mahali pake. Photoshop inayo, na GIMP ambayo ni ya bure inayo pia.

Mbili, mabega na kola kateni kwa mstari safi, lakini nywele zishughulikieni peke yake kwa brashi laini.

Tatu, kabla ya kuchapa, wekeni rangi nyeusi nyuma ya mtu, kisha nyeupe. Utepe uliojificha utajitokeza wenyewe.

Nne, hifadhini kwa PNG, na kama inapita WhatsApp itumwe kama dokumenti. Ikienda kama picha ya kawaida, uwazi wote unapotea.

Najua mtaniambia siku hizi simu inakata yenyewe kwa kugusa mara moja. Kweli, na mara nyingi inakishinda kifutio. Lakini simu haikumjua bibi. Kile cheupe ni mvi au ni chokaa? Lazima mtu aiweke ile picha ya asili pembeni, atazame kwa macho yake, aulize familia. Dakika kumi tu, jamani.

Kuna vitu vinavyostahili makali ya wembe, pikseli kwa pikseli: herufi, nembo, mistari ya jedwali. Mtu si nembo.

Mimi nimekuja kuirudia ile kazi jioni moja kwa GIMP, mvi zote zikarudi. Lakini nilichelewa. Fulana zilishagawiwa, na bado zinavaliwa. Kuna vitukuu waliozaliwa baada ya msiba, na bibi wanayemjua ni yule wa kwenye fulana: kipara, sikio nusu, amesimama mawinguni.

Na wewe mdau, ile picha ya asili ya mzee wenu iko wapi? Itafute leo, uitunze.